Umenipiga Mimi au Umepiga Mlango?

Bibi yangu wa Pangani alipoipokea picha yake aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akauliza, "Mume wangu, umenipiga mimi au umepiga mlango?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimketisha mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba ya wazee wake, na katika picha kila ua lililochongwa kwenye fremu lilionekana, hata nyufa za mbao ungeweza kuzihesabu. Uso wake mwenyewe ulikuwa kama wa mtu aliyefunikwa na mvuke wa chai.

Kamera niliyotumia ni Yashica-Mat 124G, niliyoachiwa na mjomba aliyekuwa na studio ndogo Ngamiani, Tanga. Kwa vijana wasioijua: ni lile sanduku la kusimama lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambalo mpiga picha hulishika usawa wa tumbo na kuinamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Umbo hilo lilipata jina mwaka 1929, Franke na Heidecke wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, walipoitoa Rolleiflex. Wajapani wa Yashica walikuja baadaye na zao, za bei nafuu zaidi, na hii ya mjomba ni ya aina iliyoanza kuuzwa 1970.

Kwanza niliyalaumu macho. Nimeshavuka hamsini, nikaenda kupimwa, nikavaa miwani mipya, nikapiga tena. Mlango ukatoka vizuri vilevile. Nikailaumu filamu, ambayo kwangu si kitu cha mzaha: filamu ya 120 ndani ya kamera hii hutoa picha 12 tu, za mraba wa sentimita 6 kwa 6, nami huletewa na binamu yangu kutoka Uingereza kila anapokuja likizo. Nilikwisha kuharibu mbili kabla ya kukumbuka kwamba kamera yenyewe ina macho mawili, na macho mawili yanaweza kupishana.

Lenzi ya chini ndiyo inayopiga. Ndani yake, katikati ya vioo vyake, kuna shata, na nyuma kuna filamu. Ya juu haipigi chochote. Imewekwa ili ikuonyeshe. Mwanga unaoingia juu hugonga kioo kilicholazwa mshazari, ukapanda hadi kwenye kioo chenye ukungu, na hapo ndipo unapoiona taswira unapochungulia. Lenzi zote mbili zimefungwa kwenye bamba moja, kwa hiyo ukizungusha kigurudumu cha fokasi kilichoko ubavu wa kushoto, zinakwenda mbele pamoja na kurudi pamoja. Unaiamini ya juu kwa sababu umeambiwa ya chini inaona vilevile.

Lakini angalia jinsi kipimo chenyewe kilivyo kidogo. Lenzi hizi ni za milimita 80. Kutoka kwenye fokasi ya mbali kabisa, ile yenye alama ya nane iliyolala, hadi fokasi ya mtu aliye mita 1, bamba zima husogea kama milimita 7 tu. Ikiwa lenzi ya juu imekaa mbele kuliko inavyotakiwa, kwa nusu milimita tu, basi ukimfokasi mtu aliye mita 2 fokasi ya kwenye filamu itaangukia kama sentimita 34 nyuma yake. Sentimita 34 nyuma ya Bibi palikuwa na nini? Mlango.

Wengi wa waliotumia kamera hizi hawakuwahi kuligundua kosa la namna hii, kwa sababu studioni walibana tundu la lenzi hadi 8 au 11, na tundu dogo husamehe mengi. Mimi nilimpiga Bibi barazani jioni, tundu likiwa wazi kabisa kwa 3.5. Hapo ukimpiga mtu aliye mita 1, eneo linalotoka safi, toka mbele hadi nyuma, halizidi sana upana wa vidole vitatu. Jicho likikaa, sikio limeshapotea.

Kabla ya kuishuku kamera, hakikisha unaitumia inavyotakiwa. Fungua kofia ya juu, inua ile lenzi ndogo ya kukuza iliyojificha ndani yake, kisha sogeza jicho karibu kabisa. Anayefokasi bila kuikuza taswira anabahatisha. Tafuta kitu chenye mstari: ukope, uzi wa kofia, pindo la kanga. Zungusha kigurudumu mpaka kikae, kipitilize kidogo, kisha kirudishe. Jicho hutambua ubora wa katikati pale tu linapouona ubaya wa pande zote mbili. Na usishangae mtoto akikimbilia kulia huku wewe ukimwona anakwenda kushoto. Kioo hugeuza pande, na kuzoea kwenyewe huchukua wiki nzima ya kuwakata watu mabega.

Yote hayo nilikuwa nikiyafanya. Basi nikapanda juu ya dari na kamera, nikazungusha kigurudumu hadi mwisho kwenye ile nane iliyolala, nikaulenga mnara wa simu ulioko mbali. Vyuma vya mnara vilikuwa ukungu mtupu. Kilichokaa vizuri ni majani ya mwembe wa jirani, ulioko kama mita 13 kutoka niliposimama. Nilitaka kucheka. Kamera imekwisha kufika mwisho wa safari yake, na bado lenzi ya juu inatazama mwembe.

Swali likabaki moja: ni ya juu iliyopotoka, au zote mbili? Hili ndilo jambo ambalo mafundi wenye haraka huliruka. Ukiirekebisha ya juu ifuate ya chini iliyopotoka, umeoanisha makosa. Ya chini lazima ithibitishwe kwanza, na huhitaji kuchoma filamu kwa hilo. Nilimwomba fundi wa vioo anikatie kipande chembamba, nikakisugua upande mmoja kwa ile dawa ya kusagia valvu za gari mpaka kikawa na ukungu. Nikafungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, nikakiweka kioo mahali pa filamu, upande wenye ukungu ukitazama lenzi. Shata nikaiweka kwenye B, nikaifunga wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kijiskrubu cha kuzuia, nikaangalia taswira kwa lenzi ya fundi saa.

Hapa nilifanya kosa lililonipotezea siku nzima. Ukitazama mahali pa filamu utaona reli nne: mbili za ndani na mbili za nje. Za nje zimeinuka kidogo, nazo hubeba bamba linaloikandamiza filamu. Filamu yenyewe hupita juu ya zile za ndani. Kioo changu cha kwanza kilikuwa kipana, kikalala kwenye reli za nje, na lenzi ya chini ikaonekana mbovu. Nilikuwa nimeshashika bisibisi. Ahsante kwa umeme uliokatika. Asubuhi, kwa mwanga wa jua, niliona reli zenyewe vizuri, nikamrudia fundi wa vioo anipunguzie. Kioo kilipolala kwenye reli za ndani, mnara wa simu ulionekana chuma kwa chuma. Lenzi ya chini haikuwa na kosa.

Nilikagua pia kioo cha juu, maana kikirudishwa kichwa chini, upande wenye ukungu ukatazama angani badala ya kutazama ndani, fokasi hupotea vibaya zaidi. Kilikuwa sawa. Ndipo mke wa mjomba aliponiambia kwamba marehemu alipoacha kazi walimpa fundi mmoja mjini aisafishe, kwa kuwa lenzi ya juu ilikuwa imeota kuvu, kama zinavyoota lenzi zote za pwani zikifungiwa kabatini. Fundi aliifungua, akaifuta, akairudisha bila kuweka alama ilikuwa imeingia kiasi gani.

Lenzi ya juu huingia kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na huzuiwa na vijiskrubu. Kwenye hii yangu ni vitatu. Kuvifikia kunataka kubandua ngozi ya mbele na kutoa bamba la uso, kazi ya kufanya juu ya taulo jeupe ili kitakachoanguka kionekane. Nilivilegeza bila kuvitoa, kamera ikiwa juu ya stendi na kigurudumu kikiwa mwisho, nikaiingiza lenzi ndani kidogo kidogo huku nikiutazama mnara. Mwembe ukafifia, mnara ukaja. Nikakaza, nikatazama tena, kwa sababu kukaza nako husogeza.

Kisha nikafunga safari ya Pangani na filamu ya tatu. Bibi akakaa palepale. Safari hii ukope ulikaa, na mlango ukarudi nyuma.

Ukiwa na kamera kama hii kabatini, anza na mnara wa mbali, ni bure. Ukigundua hitilafu, lenzi ya chini usiiguse mpaka kioo cha kwenye reli za ndani kikuambie imekosea. Mimi vile vijiskrubu vitatu nimevipaka tone la rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili visilegee, na ili fundi atakayeifungua baada yangu ajue vilisimama wapi.