Nzi tasa wanavyotumika kuokoa matunda shambani

MLAJI wa maembe mjini hutambua uharibifu pale anapolikata tunda na kukuta funza weupe ndani yake. Mkulima aliyelizalisha tunda hilo huwa amekwisha kupata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya mavuno yake huoza na kuanguka chini ya mti kabla ya kufika sokoni.

Hasara hiyo haiishii shambani. Funza mmoja akionekana katika bandari ya nchi inayonunua, shehena nzima huweza kukataliwa. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusitisha uuzaji wa maembe yake katika nchi za Umoja wa Ulaya kutokana na tatizo hilo, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021.

Anayesababisha yote hayo ni nzi wa matunda. Jike wa nzi huyo hutoboa ganda la tunda kwa kiungo chake cha kutagia na kuacha mayai ndani. Mayai huanguliwa na kuwa funza, nao hula nyama ya tunda hadi wakomae. Kisha hutoka, hujifukia ardhini na kugeuka pupa, kijifuko kigumu chenye umbo la punje ya nafaka, ambamo nzi mpya huibuka.

Katika Afrika Mashariki, anayeogopwa zaidi ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina la Bactrocera invadens wakiamini kuwa ni aina mpya. Mwaka 2015 walikubaliana kuwa ni nzi yule yule wa Asia aliyejulikana tangu zamani kwa jina la Bactrocera dorsalis.

Kumdhibiti kwa dawa za kunyunyiza ni kazi ngumu. Funza yumo ndani ya tunda na pupa yumo ardhini, kwa hiyo dawa haiwafikii. Nzi wazima wanaouawa leo nafasi yao huchukuliwa kesho na wengine kutoka shamba la jirani, huku mabaki ya dawa yakibaki kwenye tunda na katika mazingira.

Kutokana na ugumu huo, nchi kadhaa zimegeukia njia inayoonekana kuwa kinyume cha akili ya kawaida. Badala ya kupunguza nzi tu, huzalisha mamilioni ya nzi kiwandani na kuwaachia huru mashambani.

Wazo la Knipling

Mwasisi wa njia hiyo ni Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Katika miaka ya 1930 alikuwa akichunguza nzi ambaye funza wake hula nyama ya mifugo ingali hai. Aligundua kuwa jike wa nzi huyo hupandwa mara moja tu maishani mwake.

Knipling akajiuliza: iwapo jike huyo atapandwa na dume asiye na uwezo wa kuzalisha, je, si uzazi wake wote utakuwa umepotea?

Jibu la namna ya kuwapata madume hao lilitoka katika fani nyingine. Mwaka 1927 Hermann Muller alikuwa ameonyesha kuwa mionzi ya eksirei hubadilisha chembe za urithi za wadudu. Knipling na mwenzake, Raymond Bushland, walitumia mionzi kuwafanya nzi kuwa tasa bila kuwaua. Mwaka 1954 waliwaachia katika kisiwa cha Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela, na katika muda wa miezi michache nzi waharibifu walitoweka kisiwani humo.

Hesabu inayompendelea mkulima

Nguvu ya njia hii imo katika hesabu iliyoelezwa na Knipling mwaka 1955.

Tuchukue mfano wa bonde lenye nzi majike 1,000,000 na madume idadi hiyo hiyo. Wakiongezwa madume tasa 9,000,000, ni jike mmoja tu kati ya kumi atakayepata dume mwenye uzazi. Hivyo majike 100,000 ndio watakaotaga mayai yenye uhai. Hata kama kila mmoja wao ataacha majike watano, kizazi cha pili kitakuwa na majike 500,000 tu. Bila madume tasa, wangekuwa 5,000,000.

Idadi ile ile ya madume tasa ikiachiwa tena, sasa kila dume wa porini anakabiliwa na wapinzani 18. Kizazi cha tatu hushuka hadi majike 131,600 hivi, cha nne takriban 9,500, na cha tano 50. Baada ya hapo hakuna aliyebaki wa kuendeleza ukoo.

Hapo ndipo tofauti na dawa inapojitokeza. Dawa huua sehemu ile ile ya wadudu, wawe wengi au wachache, na kumfikia mdudu wa mwisho huwa ni gharama kubwa mno. Nzi tasa hufanya kinyume chake: kadiri adui anavyopungua, ndivyo nguvu yao inavyoongezeka, kwa sababu dume tasa humtafuta jike mwenyewe popote alipo.

Hata hivyo, mambo ya shambani hayafuati hesabu ya karatasini kikamilifu. Majike wa nzi wa matunda wanaweza kupandwa zaidi ya mara moja, na madume wa kiwandani huwa dhaifu kuliko wa porini. Kwa hiyo madume tasa hutolewa kwa wingi zaidi, na huachiwa tu baada ya nzi wa porini kupunguzwa kwanza kwa mitego, chambo chenye sumu na usafi wa mashamba.

Ndani ya kiwanda cha nzi

Kiwandani majike hutaga kupitia vitundu vya kitambaa, na mayai huwekwa juu ya chakula kinachotengenezwa kwa vitu kama pumba za ngano, sukari na hamira. Funza wakikomaa hugeuka pupa, nao hupigwa mionzi siku moja au mbili kabla ya nzi kuibuka. Wakati huo viungo vya mwili vimekwisha kukamilika, ilhali chembe za uzazi bado ni rahisi kuathirika.

Mionzi hiyo hupita mwilini kama ile ya picha ya hospitali. Nzi haachiwi na mionzi ndani yake, wala hawezi kuipeleka kwenye tunda. Na kwa kuwa hana uzazi, hawezi kuwa mwanzo wa balaa jipya.

Kabla ya kusafirishwa, pupa hupakwa unga wa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Nzi anaponaswa baadaye mtegoni, wataalamu huweza kutambua kama ni wa kiwandani au wa porini. Nzi wazima hupoozwa kwa baridi ili walale, kisha humwagwa kutoka kwenye ndege ndogo. Joto la nje huwaamsha.

Kwa miaka mingi viwanda vilikuwa vikitoa madume na majike kwa pamoja, jambo lililopoteza fedha na nguvu, kwani madume tasa walijishughulisha na majike tasa waliokuwa pamoja nao. Ufumbuzi ulipatikana kwa nzi wa matunda wa Mediterania, ambaye asili yake ni Afrika. Maabara ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, iliyoko Seibersdorf nchini Austria, ilikuza ukoo ambao mayai yake yenye majike hufa yakiwekwa katika joto la nyuzi 34 za Selsiasi. Wanaobaki ni madume peke yao. Ukoo huo hutumika katika kiwanda cha El Pino nchini Guatemala, ambacho huzalisha zaidi ya nzi bilioni moja kwa wiki.

Waliofanikiwa

Mfano unaotajwa sana ni wa visiwa vya Okinawa nchini Japani. Nzi wa jamii ya matikiti na matango alikuwa ameenea huko, na mazao ya visiwani, pamoja na karela, yalizuiwa kupelekwa sehemu nyingine za nchi. Kazi ilianzia katika kisiwa kidogo cha Kume, ambako nzi huyo alitangazwa kuwa ametokomezwa mwaka 1978. Kisha ilisogezwa kisiwa kwa kisiwa hadi ushindi wa mwisho mwaka 1993.

Japani ilimtokomeza pia Bactrocera dorsalis, nzi yule yule anayewasumbua wakulima wa maembe wa Afrika Mashariki. Katika visiwa vya Ogasawara, nzi tasa walishiriki katika kazi hiyo iliyokamilika mwaka 1985.

Katika Jamhuri ya Dominika, nzi wa Mediterania aligunduliwa eneo la Punta Cana, na mwezi Machi 2015 Marekani ikapiga marufuku matunda na mboga kadhaa kutoka nchini humo. Katika miezi tisa iliyobaki ya mwaka huo, hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 40. Nzi tasa kutoka Guatemala wakaletwa kusaidia, na Julai 2017 nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru.

Funzo la Unguja

Watanzania nao wana ushahidi wao, ingawa si wa nzi wa matunda. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja, ambako mbung'o walikuwa wakieneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997.

Je, kwa nini jambo hilo lisifanyike kwa maembe ya Tanga, Morogoro au Makueni?

Sababu ya kwanza ni uzazi. Mbung'o jike huzaa funza mmoja kwa wakati mmoja, ilhali nzi wa matunda jike hutaga mamia ya mayai katika maisha yake. Ya pili ni jiografia. Unguja imezungukwa na bahari, lakini shamba la bara limezungukwa na mashamba mengine. Nzi huyu haishi kwenye maembe peke yake, bali pia kwenye mapera na matunda mengine mengi, ya kupandwa na ya mwituni. Eneo dogo lililosafishwa huvamiwa upya kutoka pembeni.

Sababu ya tatu ni kwamba ushindi unahitaji kulindwa. Nzi wa mifugo aliyeanza kushughulikiwa na Knipling alikuwa amesukumwa hadi Panama ifikapo mwaka 2006. Kuanzia mwaka 2023 alivuka tena kizuizi hicho, na Novemba 2024 akagunduliwa Mexico.

Hata hivyo, bara si kikwazo kisichovukika. Afrika Kusini imekuwa ikitumia nzi tasa dhidi ya nzi wa Mediterania katika mabonde ya matunda ya Western Cape, kama vile Bonde la Mto Hex lililozungukwa na milima. Chile, ambayo ina milima ya Andes upande mmoja na bahari upande wa pili, ilitangazwa kutokuwa na nzi huyo mwaka 1995. Mafanikio hutegemea kuchagua eneo lenye mipaka ya asili na kulishughulikia lote kwa pamoja.

Kinachohitajika kwanza

Njia ya kupunguza nzi, ambayo ni lazima itangulie, tayari inafahamika katika ukanda huu. Mitego yenye kivutio kiitwacho methyl eugenol huwanasa madume wa Bactrocera dorsalis kwa wingi. Chambo cha protini huwavuta majike. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Nairobi, kimesambaza nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na funza wa nzi hao na kuwaua. Aidha, matunda yaliyoanguka hufukiwa kwa kina au hufungwa ndani ya mifuko ya plastiki na kuachwa juani.

Kila moja kati ya hatua hizo huwa na faida ndogo ikifanywa na mkulima mmoja huku jirani yake akiyaacha maembe yakioza chini ya miti. Hilo ndilo sharti ambalo nzi tasa hawawezi kulikwepa. Dawa hununuliwa na mtu mmoja kwa ajili ya shamba lake, lakini nzi tasa ni mradi wa bonde zima, wilaya au nchi.

Watu wa mijini nao wamo katika hesabu hiyo. Tangu mwaka 1996, nzi tasa wamekuwa wakimwagwa mara kwa mara juu ya mji wa Los Angeles, kwa sababu nzi wa Mediterania huingia ndani ya mizigo ya wasafiri na kupata miti ya matunda katika nyua za nyumba. Mwembe au mpera ulioko uani Dar es Salaam au Mombasa hauko nje ya vita hivi: tunda linalooza chini yake leo ni makazi ya kizazi kijacho cha nzi, na kulifukia ni kazi ambayo haihitaji kiwanda wala mionzi.