Chipseti za Mazabodi na Draiva Huria (Sehemu ya Pili)

Prosesa, iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza, hukokotoa tu. Haijui diski iko wapi wala kitufe cha kibodi kimebonyezwa lini. Kinachoiunganisha na vifaa hivyo, pamoja na sauti, mtandao na matundu ya USB, ni chipseti. Katika kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 kazi hiyo iligawanywa kwa chipu nyingi zilizotapakaa kwenye mazabodi: moja ya kupima muda, nyingine ya kupokea maombi ya vifaa, nyingine ya kuhamisha data kwenda kwenye kumbukumbu. Haukupita muda mrefu kampuni ya Chips and Technologies ya Marekani ikazikusanya kazi hizo katika chipu chache, na kutengeneza kompyuta zinazofanana na za IBM kukawa rahisi zaidi.

Miaka ya 1990 ilizoeleka chipseti ya chipu mbili. Ile iliyoitwa ya kaskazini ilihudumia kumbukumbu na kadi ya picha. Ya kusini ilihudumia vifaa vya mwendo wa polepole. Intel 440BX ya mwaka 1998 ndiyo iliyopata sifa kubwa katika mpangilio huo. Mwaka 2003 AMD ilihamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa za Athlon 64, na Intel ikafanya vivyo hivyo mwaka 2008. Chipu ya kaskazini ikakosa kazi, na kinachoitwa chipseti siku hizi kwa kawaida ni chipu moja.

Kila kifaa kilicho kwenye njia ya PCI hubeba nambari ya mtengenezaji na nambari ya kifaa chenyewe. Intel ni 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978. AMD ni 1022. NVIDIA ni 10de. Mfumo endeshi huria wa Linux unapowaka huzisoma nambari hizo, kisha hutafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, inayozijua. Kutambua ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kujua kila rejista ya chipu, yaani nafasi ndogo ya kuandikia maagizo, hufanya nini ikiandikwa thamani fulani, na kwa mpangilio gani. Maelezo hayo huwa katika hati za kiufundi za mtengenezaji. Hati hizo zikitolewa hadharani, draiva huria huandikwa mapema. Zikifichwa, watu huanza kupapasa gizani.

Faida ya uwazi inaonekana vizuri kwenye diski za SATA. Kanuni ya AHCI, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza hadharani namna programu inavyozungumza na kidhibiti cha diski. Kwa sababu hiyo draiva moja ya Linux, inayoitwa ahci, huhudumia chipseti za watengenezaji wengi, hata zile zilizotoka miaka mingi baada ya draiva hiyo kuandikwa.

Mambo yalikuwa tofauti kwa nForce, chipseti ambayo NVIDIA iliiingiza sokoni mwaka 2001. Draiva yake ya mtandao ilitolewa ikiwa imefungwa: mwenye kompyuta aliweza kuitumia lakini si kuisoma wala kuirekebisha, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ilipobadilika ilimbidi asubiri hisani ya kampuni. Carl-Daniel Hailfinger na Andrew de Quincey wakachunguza utendaji wa kifaa hicho kinyumenyume na kuandika maelezo yake. Draiva mpya ikaandikwa kutokana na maelezo hayo, bila kunakili chochote kutoka kwenye ile iliyofungwa. Utengano huo ni kinga ya kisheria, kwa kuwa hakimiliki hulinda msimbo ulioandikwa, haizuii kueleza kifaa kinavyofanya kazi. Ndivyo ilivyozaliwa forcedeth, ambayo Manfred Spraul aliiandika kuanzia mwaka 2003. Baadaye wahandisi wa NVIDIA wenyewe walichangia marekebisho yake. Kampuni hiyo iliacha biashara ya chipseti za mazabodi, lakini forcedeth imebaki ndani ya kerneli, na mazabodi hizo bado huunganishwa na mtandao. Haya ni mafanikio ya kupongezwa, ingawa kazi yote hiyo isingehitajika kama hati zingetolewa tangu mwanzo.

Hata Intel, yenye sifa njema katika jambo hili, iliteleza mwaka 2008. Chipseti yake ya Poulsbo, iliyowekwa katika kompyuta ndogo za mkononi, ilitumia teknolojia ya picha ya PowerVR kutoka Imagination Technologies ya Uingereza, na siri zake hazikuwa za Intel kuzitoa. Draiva huria ya gma500 ilipoingia katika kerneli mwaka 2011, iliweza kuonyesha picha kwenye skrini lakini si kuharakisha michoro ya pande tatu.

Draiva pia hufunika kasoro za chipu. CMD640, kidhibiti cha diski cha miaka ya 1990, kiliharibu data endapo njia zake mbili zingetumiwa kwa pamoja; draiva ya Linux ilizilazimisha zipokezane. Kerneli ina faili zima la marekebisho ya namna hii kwa vifaa vya PCI.

Kabla ya kerneli kuanza, chipseti huwa imekwisha kuandaliwa na programu ya BIOS. Ron Minnich alianzisha mradi wa LinuxBIOS mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos ili sehemu hiyo nayo iwe huria. Mwaka 2008 ukaitwa coreboot. AMD iliupa msimbo wake wa kuandaa chipu mwaka 2011. Intel hutoa wake ukiwa umefungwa. Aidha, chipseti za Intel zina prosesa ndogo ya pembeni, Management Engine, inayokubali programu yenye saini ya kampuni pekee. Kwa mashine za tangu kizazi cha prosesa za Nehalem, programu hiyo ikifutwa kabisa kompyuta hujizima baada ya dakika 30 hivi. Zana huria ya me_cleaner huweza kuondoa sehemu kubwa ya programu hiyo, lakini hubakisha sehemu zile ambazo bila hizo mashine haiwezi kuendelea kuwaka.