Fahamu: Karatasi za familia zinapogombana Bunia

Vita vya Ituri, mashariki mwa Kongo, vimewafikisha wengi katika mji wa Bunia mikono mitupu. Anayetaka kuthibitisha ukoo wake hutegemea karatasi chache zilizosalia, nazo mara nyingi hazipatani.

Chanzo kimoja ni mwaka 1972. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, aliyebatizwa Jean aliandikwa serikalini kwa jina jingine. Isitoshe, nchini Kongo watoto wa baba mmoja huenda wasiwe na jina hata moja linalofanana, hivyo kutafuta kwa jina peke yake ni kujichosha bure.

Anza na kitabu cha ubatizo parokiani. Kina majina ya wazazi na msimamizi, na pembeni padre huongeza ndoa, pengine miaka ishirini baadaye, kwa wino mwingine. Hapo ndipo jina la zamani na jipya huweza kukutana. Kadi ya mpiga kura hubeba zaidi alichotamka mwenyewe. Hukumu ya mahakama, kwa asiyeandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, husimama juu ya mashahidi.

Miaka ya kuzaliwa ikipishana, usishtuke. Miaka ya wazee wengi ilikadiriwa tu. Jina la mama likipishana, simama hapo na umtafute shangazi.