Ripoti imeshatumwa, simu za mauzo haziishi

Katika soko la nyumba za kupanga Marekani, simu moja ya kuulizia chumba huzaa nyingine nyingi. Mpigaji ameuliza kodi, ukubwa wa nyumba na lini anaweza kuhamia, akaacha jina na namba. Kesho yake afisa mauzo anampigia kujua kama ameshaamua. Keshokutwa unaingia ujumbe mfupi, inafuata barua pepe, kisha simu tena. Mpigaji hana mpango wa kuhama. Ni mnunuzi wa siri: amelipwa dola chache kupima namna wateja wanavyohudumiwa kwa simu, na ripoti yake imeshatumwa.

Kazi hii ina soko pana. Wenye nyumba za kupangisha, makazi ya wazee, wauza magari na benki huingia mkataba na kampuni za upimaji, nazo hugawa kazi kwa watu wanaojitegemea, wengi wakiifanyia nyumbani. Serikali nayo huitumia mbinu hiyo. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitangaza kwamba wafanyakazi wake walikuwa wamepiga simu bila kujitambulisha kwa zaidi ya kampuni 250 za huduma za mazishi, na 39 kati yake zikaandikiwa barua za onyo. Kanuni iliyoanza kutumika 1984 inazitaka kampuni hizo zimtajie bei yeyote anayeuliza kwa simu, na hakuna njia nyepesi ya kujua kama zinaitii zaidi ya kupiga na kuuliza.

Ung'ang'anizi wa wauzaji una chimbuko lake. Machi 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha matokeo ya utafiti ambamo kampuni 2,241 za Marekani zilitumiwa maulizo ya majaribio kwa njia ya mtandao. Asilimia 23 hazikujibu kabisa. Makala hiyo ilionyesha pia kwamba kampuni iliyomtafuta mteja ndani ya saa moja ilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kupata mazungumzo ya maana naye kuliko iliyochelewa saa moja zaidi. Ofisi za mauzo zililishika somo hilo. Leo programu ya kufuatilia wateja humpangia muuzaji nani wa kumpigia, na jina halitoki kwenye orodha mpaka mtu aandike kwamba mteja amenunua au amekataa.

Kwa hiyo anayepiga mara ya nne hana ubaya wowote. Anafanya alichoagizwa, na mara nyingi sehemu ya kipato chake ni kamisheni. Hili linasahaulika wanunuzi wa siri wanapolalamika kusumbuliwa. Usumbufu ni wa kweli, hasa kwa anayefanya kazi kadhaa kwa wiki, lakini upande wa pili kuna mfanyakazi anayepoteza muda wake kwa mteja asiyekuwepo.

Wengi huifungia tu namba ya muuzaji. Hapo kuna hatari wasiyoifikiria. Katika kazi nyingi za aina hii ufuatiliaji wenyewe ni sehemu ya kipimo: kampuni iliyoagiza upimaji inataka kujua kama muuzaji alipiga tena, baada ya siku ngapi, na alisema nini. Anayeifunga namba mapema ataandika kwamba hakutafutwa, ilhali alitafutwa. Alama za ripoti hiyo huingia kwenye tathmini ya muuzaji na zinaweza kumnyima marupurupu yake. Kwangu mimi hilo ni kosa zito kuliko kuchelewesha ripoti.

Muda wa kipimo ukiisha, ipokee simu mara moja na useme: nashukuru, sitafuti nyumba, naomba uondoe namba yangu kwenye orodha yenu. Kila neno hapo ni kweli, na siri ya kazi haijavuja. Hakuna haja ya kubuni mwenye nyumba mwingine au safari ya ghafla. Muuzaji naye amepata anachohitaji ili alifunge jina hilo.

Sheria inaliunga mkono ombi hilo. Nchini Marekani daftari la kitaifa la namba zisizopaswa kupigiwa simu za mauzo lilianza 2003, lakini aliyeulizia bidhaa mwenyewe anaweza kupigiwa kwa miezi mitatu hata kama namba yake imo. Akitamka kwamba hataki tena, ruhusa hiyo inakoma. Kenya kwa sheria yake ya 2019, na Tanzania kwa ile ya 2022, nazo zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumuuzia bidhaa. Wazoefu hutumia pia namba ya pili, kama ile ya Google Voice, ili simu za kazi zisichanganyike na za familia.

Hata hivyo, dawa kubwa iko kwa mwenye kampuni. Yeye ndiye aliyenunua upimaji, na yeye ndiye pekee anayeweza kuoanisha namba iliyo kwenye ripoti na jina lililo kwenye mfumo wake. Wapo wanaohofia kwamba jina likifutwa upesi muuzaji atamtambua mpimaji. Hofu hiyo ina msingi, ila inatatulika: jina lifungwe baada ya muuzaji kuonyeshwa matokeo yake, na mkataba na kampuni ya upimaji utaje siku ya kufanya hivyo. Mnunuzi huyo asihesabiwe pia kati ya wateja ambao muuzaji alishindwa kuwapata. Afisa mauzo anayepimwa kwa idadi ya mikataba kwa kila simu mia anadaiwa mkataba ambao mwajiri wake alijua tangu mwanzo kwamba hautasainiwa.