Kibuyu cha Mama na Neno "Marufuku"

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana mzazi wa huku kwetu kwenye milima ya chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, hawezi kumwacha mwanawe apande ndege bila kitu cha kuwapelekea wenyeji wake. Mama hufungasha, shangazi huongeza, nyanya naye huja na kifurushi chake dakika ya mwisho. Begi la msafiri wetu si la mtu mmoja. Ni la ukoo mzima.

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Uingereza, mama yake, ambaye huchuma majani chai katika shamba lake dogo karibu na Litein, alimwandalia kibuyu cha mursik. Aliyalaza maziwa kwa siku kadhaa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet, kama alivyofundishwa na mamaye. Tulisafiri usiku kucha hadi Nairobi. Sisi tukabaki nje ya uwanja wa ndege. Yaliyotokea ndani alitusimulia kwa simu, huku sauti yake ikikatika. Mkaguzi alikishika kibuyu, akakitikisa, akasema neno moja tu: "Marufuku." Kibuyu kikatiwa katika pipa la taka.

Dada yangu aliniuliza, "Kaka, maziwa yangu yana sumu?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Nimefundisha isimu ya lugha kwa miaka mingi, na natambua kwamba dada yangu hakulizwa na sheria. Alilizwa na neno. Sisi watumiaji wa Kiswahili tumezoea kulibebesha neno "marufuku" mizigo mitatu iliyo tofauti kabisa. Pembe ya ndovu ni marufuku, chupa ya maji ni marufuku, pakiti ya nyama kavu nayo ni marufuku. Msafiri asiyeelezwa tofauti hiyo hudhani ametendewa ukatili, au hujifunza kuficha. Hili la pili ndilo la hatari.

Mzigo wa kwanza ni wa vitu vilivyokatazwa kabisa, popote utakapoviweka. Hapa yafaa kukumbuka kwamba katazo hubadilika uvukapo mpaka. Miraa ni zao halali nchini Kenya, lakini nchini Uholanzi ilipigwa marufuku mwaka 2013, na Uingereza ikafuata mwaka 2014. Anayeishika huko ameshika dawa ya kulevya mbele ya sheria. Wala tusidhani kwamba wageni pekee ndio wenye makatazo. Tangu Agosti 2017 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku nchini mwetu, na wageni wanaoshuka Nairobi hutakiwa kuiacha mifuko hiyo uwanjani.

Mzigo wa pili ni wa vitu vinavyoruhusiwa kwa masharti, ama ya kipimo ama ya mahali. Chupa ya maji si haramu. Kinachoangaliwa ni ukubwa wake. Mnamo Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Amerika Kaskazini kwa viowevu vilivyokusudiwa kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Kabla ya mwaka huo kwisha, nchi za Ulaya ziliweka kipimo cha mililita 100 kwa kila chombo katika mzigo wa mkononi, na sehemu kubwa ya dunia ikaiga. Viwanja kadhaa vimeanza kulilegeza sharti hilo kwa sababu vimepata mashine mpya, lakini msafiri asibahatishe. Na azingatie kwamba kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyojaa nusu tu hukataliwa vilevile.

Hapa ndipo lugha inapomtega mama wa Litein. Nyumbani kwake mursik ni chakula, huandamana na ugali mezani na humshibisha mtu. Kwa mkaguzi, chochote kinachomiminika au kupakika ni kiowevu: maziwa, asali, samli, hata mafuta ya kujipaka. Wote wawili wanasema kweli. Wametofautiana katika kuainisha tu.

Betri nazo zina sharti lililo kinyume. Pawabenki ya kuchajia simu haitakiwi katika begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege; sharti ibebwe mkononi. Sababu ni kwamba betri za lithiamu zaweza kushika moto zenyewe, na heri moshi uonekane palipo na watu kuliko uanze gizani pasipo mtu. Januari 2025 ndege ya abiria iliteketea ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi wakaielekezea pawabenki kidole cha shaka. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100. Mwalimu wa fizikia aweza kulifanya hili kuwa zoezi darasani: zidisha miliampia-saa 20,000 kwa volti 3.7, kisha ugawe kwa 1,000. Utapata wati-saa 74. Hiyo hupita, ingawa mashirika mengine ya ndege yana masharti yake ya ziada.

Mzigo wa tatu ni wa vitu vya kutajwa kwa maafisa wa forodha. Fomu nyingi zikitafsiriwa husema "tangaza", kana kwamba msafiri apande jukwaani, au "kiri", kana kwamba ameiba. Mimi napendekeza "taja". Atajaye si mkosaji. Akitaja kitu kisichokubaliwa, mara nyingi hunyang'anywa tu. Akikificha, hutozwa faini, na katika nchi kama Australia aweza hata kufutiwa viza.

Na ukali huo una sababu. Laiti kibuyu chetu kingewekwa katika begi kubwa, kingepita Nairobi lakini kingekwama mbele ya safari, kwa kuwa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliwalazimu Waingereza kuchinja mifugo zaidi ya milioni 6. Mfugaji wa Bomet aliyewahi kuona soko la ng'ombe likifungwa kwa ugonjwa huohuo hahitaji kuelezwa zaidi. Maziwa ya dada yangu hayana sumu. Wenyeji wa huko wanalinda zizi lao, kama sisi tulindavyo letu.

Lipo swali moja zaidi ambalo msafiri huulizwa: "Ni nani aliyekufungia mzigo huu?" Kwa desturi yetu jibu la kweli ni "ukoo". Lakini sheria humjua mwenye begi peke yake. Wapo vijana wa Kenya wanaozeeka katika magereza ya ng'ambo kwa sababu ya dawa za kulevya zilizopatikana ndani ya mizigo yao, na baadhi yao husema walibebeshwa na watu waliowaamini. Basi ukoo na ulete zawadi, ila mkono wa mwisho kulifunga begi uwe wa msafiri mwenyewe, baada ya kukifungua kila kifurushi.

Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi insha za safari bila kuwafundisha kusoma orodha ya masharti ya safari. Somo moja la dakika 40 latosha. Andikeni ubaoni maneno matatu, marufuku, masharti na taja, kisha wanafunzi waigawe mizigo ya nyumbani kwao chini ya kila neno.

Mwanariadha wetu arejeapo na nishani, hulakiwa uwanjani kwa kibuyu cha mursik, naye hunywa mbele ya kamera bila kuzuiwa na mtu. Kibuyu ni cha kumpokea anayerudi. Anayeondoka na apewe majani makavu ya chai yaliyofungwa vizuri. Hayamwagiki, hayachachi, na yakitajwa hupita kwa urahisi katika nchi nyingi. Dada yangu sasa amelielewa hilo. Kibuyu kipya amekwisha kukitundika jikoni, akimngojea mwanawe arudi.