Sukari ya muwa hutoka hewani

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu matone ya kijani yanayouzwa kwa jina la klorofili, eti huongeza damu na kumjaza mtu nguvu za jua. Kabla ya kuyajibu hayo, tujue kwanza muwa huitoa wapi sukari yake.

Wengi husema ardhini. Sivyo. Mizizi huleta maji na madini, lakini kaboni inayojenga sukari hutoka kwenye hewa ya ukaa, ambayo ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa yote.

Kinachoikamata ni kimeng'enya kiitwacho rubisko, nacho kina vituko. Kwanza ni kizito mno: vimeng'enya vingine hufanya kazi yao mamia ya mara kwa sekunde, chenyewe hukamata molekuli tatu hivi. Pili, hukosea. Mara kwa mara hushika oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na jani hulazimika kutumia nishati kurekebisha kosa huku likipoteza kaboni iliyokwisha kupatikana. Joto likipanda, makosa huzidi. Mpunga, muhogo na maharage huingia hasara hiyo kila jua linapowaka.

Muwa, mahindi na mtama vina ujanja. Kimeng'enya kingine, ambacho hakihadaiki na oksijeni, huinasa kaboni kwanza na kuifungasha ndani ya asidi. Asidi hiyo hupelekwa hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na humo ndani hewa ya ukaa hufunguliwa. Rubisko imo humo humo, imezingirwa na hewa ya ukaa nyingi kiasi kwamba oksijeni haipati nafasi. Njia hii hula nishati zaidi, lakini kwenye jua kali la mashamba ya miwa ya Kilombero inalipa. Wanasayansi Hatch na Slack waliieleza mwaka 1966 huko Australia, wakichunguza majani ya miwa.

Sasa matone. Kazi ya klorofili ni kunasa mwanga. Bila jua na bila vimeng'enya nilivyovitaja haitengenezi hata chembe ya sukari, na tumboni ni giza. Wauzaji hushikilia kwamba inafanana na damu. Umbo lake linafanana kweli na sehemu ya himoglobini, ila katikati yake kuna magnesi, si chuma, na mwili hauigeuzi kuwa damu. Kumuuzia mjamzito aliyepungukiwa damu chupa ya namna hiyo ni kumchelewesha kupata tiba, na wanaofanya hivyo wanastahili kuulizwa.



Ukiona uchovu, kizunguzungu au viganja vimepauka, nenda kituo cha afya upimwe damu. Mama mjamzito, meza vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki, na hiyo chupa ya kijani iache dukani.