Barafu ya Kilimanjaro na Miti ya Shinyanga



Sisi wa Shinyanga na Geita twaujua mlima Kilimanjaro kwa picha tu. Lakini habari ya barafu yake yatuhusu, kwani ni ishara miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe kileleni. Mmoja wa viongozi wake wa njia aliuita “baridi” tu. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Kumbe ilikuwapo tele! Mwaka 1912 barafu ilienea kadiri ya kilomita 11 za mraba. Mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2.

Sababu ni nini? Wataalamu wasema kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huko imekauka, theluji mpya ni haba, na barafu ya zamani hugeuka mvuke hata kabla ya kuwa maji. Tena dunia nzima yazidi kupata joto kwa moshi wa makaa na mafuta. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu hiyo yaelekea kwisha ifikapo 2050.

Je, mito nayo itakauka? Maji mengi ya mlima ule hutoka katika msitu ulio chini ya kilele, wala si katika barafu. Hapo ndipo penye mazingatio: barafu hatuwezi kuirudisha, lakini miti twaweza.

Shinyanga ni shahidi. Zamani miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa kwa mashamba na kuni, hata nchi ikaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa HASHI. Watu wakafufua ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa, na miti ikarudi. Lakini katika machimbo ya Geita miti yakatwa bado, kwa mkaa na kwa matimba ya kuegemeza maduara ya dhahabu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mti aupandao Muislamu, akila humo mtu, mnyama au ndege, huwa ni sadaka yake. Basi yatupasa kila mtoto anayekhitimu Kurani apande mti na autunze, na mchimbaji naye apande badala ya ile aliyoikata.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa ardhi yake. Amin.